Wagonjwa tuelezwe ni wapi majaribio ya dawa yanafanyika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi tunaoishi na maradhi ya muda mrefu, nalo ni namna mgonjwa anavyoweza kujua kwamba karibu na anapotibiwa kuna utafiti wa majaribio ya dawa unaotafuta watu wenye ugonjwa kama wake, na namna anavyoweza kuingia katika utafiti huo huku akijua anachokiingia. Magazeti yetu huandika habari za majaribio haya yanapokwisha, dawa au chanjo inapokuwa imefaulu au imeshindwa. Habari za majaribio yanayoanza, ambayo ndiyo mgonjwa angeweza kushiriki, hazipewi nafasi, na nadhani hilo linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa.

Mimi ninaugua baridi yabisi kwa miaka mingi, na nimewahi kushiriki katika jaribio la dawa ya ugonjwa huo. Habari zake sikuzipata kwa daktari wala kwenye ubao wa matangazo wa kliniki, bali kwa mgonjwa mwenzangu tuliyekuwa tukisubiri zamu pamoja, ambaye naye alidokezwa na ndugu yake anayefanya kazi maabara. Utafiti wenyewe ulikuwa ukifanyika katika hospitali ileile niliyokuwa nikihudhuria kila mwezi. Daktari wangu nilipomuuliza alikuwa akiufahamu vizuri, akanieleza kwa upole na kwa kirefu, na akasema kwamba hakuwahi kunitajia kwa sababu sikuwahi kuuliza. Simlaumu, kwa kuwa ana wagonjwa wengi na muda mchache. Lakini mgonjwa atauliza vipi kuhusu kitu asichojua kwamba kipo?

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba habari hizi hazikukusudiwa kuwa siri. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba duniani walikubaliana kwamba kwa majaribio yanayoanza kuandikisha washiriki kuanzia Julai 2005, hawatachapisha matokeo ya jaribio lolote ambalo halikuandikwa katika rejista ya wazi kabla mshiriki wa kwanza hajaingizwa. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lenye kanuni za maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, nalo linataka kila utafiti unaohusisha binadamu uandikishwe mahali ambapo umma unaweza kuuona. Kwa hiyo zipo rejista. Marekani ina ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo sasa ina kumbukumbu za tafiti zaidi ya 500,000 kutoka nchi nyingi. Bara la Afrika lina Pan African Clinical Trials Registry, yenye makao yake Cape Town. Shirika la Afya Duniani nalo lina tovuti inayokusanya pamoja kumbukumbu za rejista mbalimbali, ili mtu atafute mahali pamoja. Kuzisoma zote hizo hakuna malipo, wala hapahitajiki idhini ya mtu.

Anayetafuta huandika jina la ugonjwa na jina la nchi, kisha huangalia mambo machache kwanza: utafiti unafanyika katika miji na hospitali zipi, bado unaandikisha washiriki au umefunga, unatafuta watu wa umri gani na hali gani, na nani anaugharimia. Kila utafiti una namba yake ya usajili, na namba hiyo ni vizuri kuiandika pembeni, kwa sababu ukienda nayo kwa daktari atajua mara moja unazungumzia nini, na baada ya miaka utaweza kuitumia kutafuta matokeo. Ninawaonya wanaotafuta kwamba kumbukumbu nyingine hazihuishwi kwa wakati. Unaweza kusoma kwamba utafiti unaandikisha, ukafika ukakuta milango imefungwa zamani, hivyo piga simu kabla ya kufunga safari.

Hata hivyo, Mhariri, rejista hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu, na zinamhitaji mtu mwenye intaneti na uvumilivu. Mgonjwa anayesoma Kiswahili, mwenye simu ya kawaida, aliyechoka kwa maumivu, anaambiwa kwamba habari iko wazi kwa wote, ilhali kwake haina tofauti na iliyofungiwa kabatini. Hapa ndipo penye hoja yangu. Uwazi ambao mlengwa hawezi kuufikia haujakamilika, na kazi ya kuukamilisha ni ya watafiti, hospitali na vyombo vya habari kwa pamoja.

Kabla sijaeleza ninachoomba kifanyike, niseme kidogo juu ya kushiriki kwenyewe, maana sitaki wasomaji waelewe kwamba ninawahimiza kukimbilia kila jaribio wanalolisikia.

Kwanza, jaribio kuandikwa katika rejista hakumaanishi kwamba limekaguliwa na kuonekana salama. Mwenye utafiti ndiye anayejaza taarifa hizo, na wapo watu waliotumia orodha hizo kuwavutia wagonjwa waliokata tamaa, hasa kwa matibabu ya seli shina (chembe za mwili zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine), wakiwatoza fedha nyingi kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Kinachopaswa kuulizwa ni kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, na kama dawa ni mpya, kibali cha mamlaka ya nchi inayosimamia dawa. Fomu halali ya ridhaa huonyesha kamati iliyotoa kibali na namna ya kuwasiliana nayo, nje ya watafiti wenyewe. Mgonjwa anayeambiwa alipie dawa inayojaribiwa ili aruhusiwe kushiriki anapaswa kusimama na kuuliza sana kabla hajatoa hata senti.

Pili, jaribio si matibabu yaliyotengenezwa kwa ajili yako. Lengo lake ni kujibu swali litakalowafaa wagonjwa wajao, na faida kwako inaweza kuwapo au isiwepo. Nimegundua kwamba wengi wetu, hata tuliosoma, hatulishiki jambo hili mpaka tumeelezwa mara mbili tatu. Daktari wako anapokuandikia dawa anaichagua kwa kukutazama wewe. Katika majaribio mengi ni kompyuta inayokupanga katika kundi kwa bahati nasibu, na mara nyingi wewe na daktari wa utafiti wote hamjui uko kundi lipi mpaka mwisho. Katika jaribio nililoshiriki, wote tuliendelea na metotreksati, dawa ya siku nyingi ya baridi yabisi, kisha kundi moja likaongezewa dawa mpya na jingine likaongezewa dawa bandia, yaani kitu kisicho na dawa ndani yake lakini kinachofanana nayo kwa sura. Mimi, kama nilivyokuja kujua baadaye, nilikuwa kundi la pili. Wapo walionihurumia waliposikia hivyo. Sikuona sababu ya kuhurumiwa, kwa sababu nilikuwa nimeelezwa tangu mwanzo, na kwa sababu bila kundi la kulinganisha hakuna anayeweza kusema kama dawa mpya imefanya kazi au maumivu yalipungua yenyewe, kama ugonjwa huu ulivyo na tabia ya kupanda na kushuka. Msomaji ajue pia kwamba Azimio la Helsinki linataka matibabu mapya yalinganishwe na yale bora yaliyokwisha kuthibitishwa, na kwamba mtu kupewa dawa bandia peke yake wakati tiba ya ugonjwa wake ipo ni jambo linaloruhusiwa kwa masharti makali tu. Akiona hali hiyo katika fomu, ana haki ya kuomba maelezo mpaka aridhike.

Wapo wanaosema kwamba mtu mwenye akili atabaki na tiba inayojulikana na kuwaachia wengine majaribio. Ninawajibu kwa mfano mmoja ulio karibu nasi. Kwa miaka mingi madaktari walishauriwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika amiminiwe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuhusisha watoto zaidi ya 3,100, ulilinganisha njia hiyo na kutomimina maji kwa haraka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba katika saa 48 za kwanza walifariki takriban watoto 10.5 katika kila 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, na 7.3 katika kila 100 wa kundi la kulinganisha. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri uandikishaji usitishwe kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Kilichojulikana na kuaminika kilikuwa kinaua, na bila wazazi waliokubali watoto wao washiriki, pengine kingeendelea kuua bila yeyote kujua. Ninaandika hayo kwa heshima kubwa kwa wazazi hao.

Hofu nyingine ina mizizi ya kweli, na haifai kupuuzwa na watu wa hospitali kana kwamba ni ujinga. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa na bila kuelezwa ukweli, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaponya ugonjwa huo. Serikali ya nchi hiyo iliomba radhi rasmi mwaka 1997, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kanuni tulizonazo leo za ridhaa, za kamati za maadili na za haki ya kujitoa zimetokana na maovu ya namna hiyo, na nguvu yake inategemea mgonjwa kuzijua na kuzidai.

Kwa hiyo fomu ya ridhaa isomwe yote. Ni haki ya mtu kuichukua akaenda nayo nyumbani, akaisoma na mtu anayemwamini, akarudi na maswali yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye na upande, ambaye atakuwepo tangu maelezo yanaanza hadi yanakwisha, na asiwe mtu aliyeitwa dakika ya mwisho kuweka sahihi tu. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa, na mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye kama anakubali. Mtafiti anayekuharakisha kutia sahihi siku ileile, bila sababu ya dharura, amekwisha kukuonyesha namna atakavyokujali baadaye.

Maswali niliyoyaona ya maana zaidi si yale ya kisayansi. Uliza utaitwa mara ngapi na kwa muda gani kila mara, kwa sababu wengi huacha si kwa dawa bali kwa kuchoshwa na safari, na uliza kama nauli inarudishwa. Uliza nani atalipia vipimo, na nani atakutibu na kulipia matibabu ukidhurika kwa sababu ya utafiti. Jibu la swali hili linapaswa kuwa limeandikwa, lisiwe la mdomo. Uliza kama utatakiwa kuacha dawa unazotumia sasa, na kwa muda gani, maana baadhi ya tafiti huhitaji dawa za awali ziishe mwilini kwanza, na kwa mtu wa baridi yabisi wiki chache bila dawa si jambo dogo. Uliza damu yako itahifadhiwa wapi, kama itapelekwa nje ya nchi, na kama itatumika kwa tafiti nyingine. Uliza pia kama dawa ikikusaidia utaendelea kuipata utafiti ukiisha, au utaachwa hapo hapo. Nimewaona wagonjwa waliopata nafuu wakarudishwa kwenye maumivu yao ya zamani kwa sababu swali hilo halikuulizwa mapema, na uchungu wao siwezi kuueleza kwenye gazeti.

Jambo jingine la kufahamu ni awamu ya utafiti. Awamu ya kwanza huhusisha watu wachache, kwa kawaida kati ya 20 na 100, na shabaha yake ni kujua usalama na kipimo cha dawa, kwa hiyo matumaini ya kupona humo yawe madogo. Ya pili hufika watu mia kadhaa. Ya tatu huhusisha kuanzia mamia hadi maelfu, nayo ndiyo inayolinganisha dawa na tiba iliyopo kabla ya kuombewa kibali cha kutumika.

Atakayekataliwa asijione ameonewa. Nilipimwa kifua kikuu kilichojificha kabla ya kukubaliwa, kwa sababu baadhi ya dawa za kutuliza kinga ya mwili zinaweza kukiamsha, na mgonjwa mwenzangu mmoja alirudishwa kwa kipimo hicho. Alihuzunika sana, lakini ugonjwa ambao hakujua kwamba anao uligunduliwa na akaanza dawa. Kinyume chake, aliyekubaliwa ajue kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida yasiguswe. Ninachosihi tu ni kwamba asiache kimyakimya: awaambie, kwa kuwa dawa nyingine ni hatari kukatizwa ghafla, na kwa kuwa aliyeacha kwa sababu ya madhara ndiye ambaye habari zake zinahitajika kuliko za wote.

Sasa nije kwenye ninachoomba. Kwa hospitali na vituo vinavyofanya utafiti, naomba orodha ya majaribio yanayoandikisha iwekwe kwenye ubao wa kila kliniki husika, kwa Kiswahili kinachoeleweka: ugonjwa gani, watu gani wanatafutwa, swali gani linaulizwa, namba ya usajili ni ipi, mtu wa kumwona ni nani. Ubao huo uwe na tarehe, na majaribio yaliyofungwa yaondolewe. Kamati za maadili, ambazo zinapitia matangazo hayo kabla hayajawafikia watu, ziyaangalie yasije yakaahidi uponyaji. Madaktari wa kliniki, hata wasiohusika na utafiti wowote, wazoee kumwambia mgonjwa neno moja tu, kwamba kuna utafiti wa ugonjwa wake na kwamba akitaka anaweza kuuliza, bila kumsukuma. Daktari anayemtibu mtu akiwa pia ndiye mtafiti, mgonjwa huona vigumu kusema hapana, na katika hali hiyo ni afadhali ridhaa ichukuliwe na mtu mwingine anayefaa.

Ombi la pili ni la matokeo. Jaribio nililoshiriki lilikwisha, nikashukuriwa, nikaambiwa nilikuwa kundi gani, na baada ya hapo sikusikia lolote kuhusu kilichogunduliwa. Nilikuja kuyatafuta mwenyewe kwa ile namba ya usajili, na mpwa wangu anayesoma uuguzi akanisaidia kuyaelewa. Washiriki wenzangu ambao hawana mpwa wa namna hiyo hawajui mpaka leo kama vidole vyao vilivyochomwa sindano miezi yote ile vilisaidia kujibu swali lolote. Azimio la Helsinki linasema kwamba washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, au mkutano wa saa moja katika ukumbi wa hospitali, ungetosha, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo ili isionekane kuwa hisani mwishoni. Matokeo mabaya nayo yasemwe. Dawa iliyoshindwa ni jibu kamili, na aliyeijaribu ana haki ya kulisikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwako Mhariri, naomba ukurasa wa afya wa gazeti hili utenge safu ndogo, mara moja kwa mwezi, ya majaribio yaliyo wazi kwa washiriki na yaliyokwisha kutoa matokeo. Mwandishi wa safu hiyo aikague kila namba ya usajili kwenye rejista, athibitishe kibali cha kamati ya maadili, apige simu kituoni kuhakikisha kwamba uandikishaji unaendelea, na akatae tangazo lolote la kulipiwa linalojifanya habari. Mimi na wenzangu wachache wa kikundi cha wagonjwa wa baridi yabisi tuko tayari kuisoma rasimu ya kila mwezi na kusema ni wapi lugha inamshinda mgonjwa wa kawaida, na tutafanya hivyo bila kudai malipo.

Wako,
Msomaji anayeishi na baridi yabisi